Krimu au mchanga: rangi ipi kwa sebule inayotazama magharibi?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga, tunakarabati nyumba ya wazazi. Sebule ina mita tano na nusu kwa nne na nusu, na dirisha kubwa la aluminiamu lenye vioo vya bluu linatazama magharibi, mbele yake kuna baraza na mwembe. Sakafu ni marumaru za rangi ya biskuti zinazong'aa, milango ni ya mninga. Kuta kwa sasa ni za kijani cha zamani. Nimebaki na rangi mbili, zote nyeupe-nyeupe: moja naiita krimu, nyingine mchanga. Fundi amezipaka vipande viwili ukutani, na zote naona zina wekundu ambao kwenye kadi haupo. Nimempigia picha mume wangu aliyeko Muscat, anasema ni rangi moja. Fundi naye anasema nichukue yoyote, ila ninunue ndoo mbili za lita 20, sebule na korido. Nyuma ya kadi krimu imeandikwa LRV 76, mchanga 71. Nichague ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe ili usome ukiwa umetulia: kwa maelezo uliyonipa, mimi ningechukua mchanga. Ila usinunue hata ndoo moja kabla hujafanya jaribio nitakaloeleza hapa chini. Sebule yako sijaiona, na rangi zikikaribiana kiasi hiki, sebule ndiyo yenye neno la mwisho.

Najua wapo wanaoona unajisumbua bure. Mtu akiambiwa achague kati ya nyekundu na bluu hamalizi dakika, kwa sababu anajua anachokitaka. Zinazofanana ndizo zinazomkosesha mtu usingizi, na zina haki ya kumkosesha. Tofauti ndogo kwenye kadi ya upana wa vidole viwili, ukiitandaza kwenye kuta nne, haibaki ndogo. Kuta za rangi moja hurushiana mwanga: huu unaupa ule umanjano wake, ule unaurudisha, na kila mruko unaongeza kidogo. Ndiyo maana krimu iliyoonekana karibu nyeupe dukani hugeuka ya njano kabisa ikishazunguka chumba. Fundi wako simlaumu kwa kusema "chukua yoyote", lakini yeye akimaliza anakunja ngazi anaondoka. Wewe ndiye utakayekaa humo.

Tuondoe kwanza ule wekundu unaokutisha, maana unaweza kukufanya uziache rangi zote mbili bila sababu. Wekundu huo haumo ndani ya kopo. Umetokana na kijani cha ukuta wa zamani. Jicho likiona rangi hafifu imezungukwa na kijani, huisukuma upande ulio kinyume cha kijani, yaani kwenye wekundu. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikutana na mkasa kama wako alipokuwa akisimamia utiaji rangi wa nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alipozichunguza hakukuta kasoro yoyote kwenye weusi. Kilichoufifisha ni rangi za nyuzi zilizolala kando yake. Mwaka 1839 akachapisha kanuni yake kwamba rangi mbili zinazokaa jirani hubadilishana sura machoni mwetu. Kwa hiyo vile vipande viwili vya fundi vimekwambia habari za ukuta wa kijani, havijakwambia habari za krimu wala mchanga. Mwombe avifute kwa praima nyeupe, ile rangi ya chini inayotangulia, na usivitazame tena.

Sasa tuzitazame rangi zenyewe. Nyeupe-nyeupe zote huanza na msingi mweupe wa dukani, ambao weupe wake unatokana na unga mweupe uitwao titani dioksaidi, kisha mashine inadondoshea rangi kidogo kidogo: njano ya kutu, nyekundu ya kutu, nyeusi, wakati mwingine bluu. Matone hayo machache ndiyo tabia ya rangi. Krimu, kwa kawaida, ni umanjano na weusi kiduchu. Mchanga una umanjano pia, lakini umetiwa wekundu kidogo na weusi zaidi kuutuliza. Hiyo ndiyo rangi iliyojificha chini, na ndiyo unayoichagua hasa. Wapo wazee wa pwani waliokuwa wakitia buluu ya kufulia kwenye chokaa ili isionekane ya njano. Hesabu ni ile ile, tone dogo linageuza ukuta mzima.

Kuna njia tatu za kuiona rangi hiyo iliyojificha bila kufungua kopo. Weka kadi juu ya karatasi nyeupe ya kuchapia, mahali penye kivuli lakini pana mwanga wa kutosha. Papo hapo utaona ipi inavuta kwenye limau na ipi inavuta kwenye waridi au kijivu. Kisha tazama ule ukanda wa kadi ambao rangi yako ndiyo ya juu kabisa, shuka nao mpaka ile iliyokolea ya chini. Hafifu na iliyokolea za ukanda mmoja kwa kawaida ni ndugu, na ya chini inasema wazi kile ambacho ya juu inakificha. Ukikuta ya chini ni ya haradali, krimu yako ina haradali ndani. Njia ya tatu ni kuuliza mchanganyo. Duka lenye mashine huweza kukuonyesha ni rangi zipi zinazotiwa na kwa kiasi gani, na kibandiko hicho hicho mara nyingi hubandikwa juu ya kifuniko. Wengi hawakisomi. Wewe kisome.

Nije kwenye mwanga, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopotoshwa. Ushauri mwingi wa rangi unaozunguka mtandaoni umeandikwa Ulaya na Marekani. Utaambiwa chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi, kipake rangi ya joto, na cha kusini ni cha jua, kipake rangi ya utulivu. Kwao ni kweli, kwa sababu jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Tanga iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Kwetu jua hupita utosini mapema Machi na tena mapema Oktoba. Mwezi Juni jua la saa sita liko upande wa kaskazini, Desemba liko upande wa kusini. Dirisha la kaskazini hapa kwetu linaliona jua miezi mingi ya mwaka, wakati mwenzake wa London hapati jua la mchana hata siku moja. Kwa hiyo usijisumbue na kaskazini na kusini. Kwetu kinachoamua rangi ya ukuta ni mawio na machweo, na wewe una machweo.

Chumba cha magharibi kina nyuso mbili. Asubuhi hakipati jua la moja kwa moja. Kinaishi kwa mwanga wa angani, ambao una ubluu, na kwa mwanga unaorushwa na vitu vya nje. Kwako nje kuna mwembe, kwa hiyo mwanga unaoingia umeshapita kwenye majani na kubeba ukijani kidogo. Baraza nalo linakinga jua la saa saba na saa nane likiwa bado juu. Kuanzia saa kumi hivi jua linashuka chini ya ukingo wa paa, na sebule inabadilika kama umeme umewashwa. Mwanga wa jioni umesafiri njia ndefu hewani, bluu yake imetawanyika, na unaofika ni wa dhahabu. Ukuta wowote wenye umanjano unaupokea na kuuzidisha. Krimu iliyokuwa ya upole saa tatu asubuhi, saa kumi na moja jioni inaweza kuwa ya siagi.

Juu ya hayo yote una vioo vya bluu. Vioo hivi vimejaa kwenye nyumba zetu, na ni nadra kumsikia mtu akivitaja anapozungumzia rangi ya ukuta. Kioo cha bluu kinapunguza njano na nyekundu kwenye mwanga unaopita. Dirisha likifungwa, umanjano wa krimu unakosa mwanga wa kuurudisha, na rangi inapooza, mara nyingi ikiegemea ukijani. Ukivuta kioo kimoja kando, nusu ya chumba inapata mwanga wa kweli na nusu inabaki ya kioo, na ukuta mmoja unaonekana kama umepakwa rangi mbili. Sikushauri ubadilishe vioo, ni gharama kubwa kwa jambo dogo. Nakushauri ujaribu rangi dirisha likiwa limefungwa, kisha likiwa wazi, na ukumbuke ni hali ipi hasa mnayoishi nayo kila siku.

Kitu ambacho kwangu kina uzito kuliko hata mwanga ni sakafu. Ukuta utaupaka tena baada ya miaka mitano, pazia utabadilisha, makochi yatachakaa. Marumaru hazitaondoka. Marumaru za rangi ya biskuti, nyingi nilizoziona, zina waridi kwa mbali. Ziinamie na karatasi nyeupe mkononi utaona. Na kwa kuwa zako zinang'aa, mwanga unaoingia dirishani unapiga sakafu kwanza kisha unarukia kwenye sehemu ya chini ya ukuta ukiwa umebeba rangi ya sakafu. Ukuta wenye umanjano wa limau juu ya sakafu yenye waridi ni ugomvi wa kimya: sakafu inaonekana chafu, ukuta unaonekana wa njano kuliko ulivyo, na mwenye nyumba anahisi kuna kitu hakiko sawa asijue ni nini. Mchanga, wenye wekundu kidogo ndani yake, unakaa na sakafu hiyo bila kushindana. Milango ya mninga nayo ina wekundu wa kahawia. Hivyo una vitu viwili visivyoondoka, na vyote vinavuta upande mmoja. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuegemea mchanga.

Kama marumaru zako zingekuwa na umanjano, rangi ya mahindi makavu hivi, ningekwambia kinyume. Kwa hiyo hakikisha hilo la karatasi nyeupe sakafuni kabla hujaniamini.

Usiku je? Hukuniambia unatumia taa gani, na kwa familia inayoshinda kazini na shuleni, usiku ndiyo muda mrefu zaidi wa kukaa sebuleni. Chukua boksi la taa usome namba yenye herufi K. Ile tunayoiita taa nyeupe mara nyingi ni 6500K, mwanga wenye ubluu. Taa ya njano ni 2700K au 3000K. Katikati kuna 4000K, nyeupe iliyotulia. Chini ya mwanga wa taa ya 6500K krimu huonekana ya kijani kidogo na mchanga huonekana wa kijivu. Nyuso za watu nazo hupauka. Jambo jingine la taa ni kwamba nyingi za bei ya chini hazina wekundu wa kutosha kwenye mwanga wake, hivyo wekundu wowote uliojificha ukutani unazimika usiku. Kwenye boksi tafuta maandishi ya CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi: 80 ni ya kawaida, 90 na kuendelea inaonyesha rangi kwa uaminifu zaidi. Ndiyo maana rangi mbili zinaweza kulingana kabisa mchana na kuachana usiku, kwa sababu kila moja imeundwa kwa matone yake na kila taa inayaamsha kwa namna yake. Mimi ningeweka 3000K au 4000K sebuleni kabla ya kuhukumu rangi yoyote. Kubadilisha taa nne ni nafuu kuliko kubadilisha ukuta.

Sasa jaribio. Mwombe mtu wa dari akupe mabaki ya jipsamu bodi. Kila nyumba inayojengwa mtaani inayo yamerundikwa nje. Kata vibao vinne vya sentimita sitini kwa sitini, viwili kwa kila rangi. Vipake praima nyeupe mara moja, maana karatasi ya bodi ina rangi yake na inanyonya. Dukani omba kila rangi kwa kopo dogo kabisa wanalokubali kuchanganya, kwa kawaida lita moja. Acha ukingo mweupe wa vidole vinne kuzunguka kibao, ili jicho lipumzike kwenye weupe na si kwenye kijani cha ukuta wako. Paka mikono miwili, yaani mara mbili, kwa rola, si kwa brashi, kwa sababu ukuta utapakwa kwa rola na alama zake ndizo zitakazoshika mwanga. Acha zilale hadi kesho yake. Rangi ya maji ikiwa mbichi huwa na maziwa ndani yake na huonekana nyeupe zaidi, ikikauka hukolea. Kipindi cha masika, hewa ikiwa nzito, ipe siku nzima.

Vibao vikishakauka, visimamishe wima. Usivilaze mezani, kwa sababu kitu kilicholala hupokea mwanga wa juu, na ukuta haulali. Anza na kibao kimoja peke yake kwenye ukuta ulio mkabala na dirisha, kikigusa sakafu, ukiwa umetandika shuka jeupe nyuma yake kuficha kijani. Kitazame, kitoe, weka cha pili. Kisha vipeleke kwenye ukuta wenye dirisha lenyewe. Huo ndio ukuta wenye giza kuliko zote ndani ya chumba, kwa kuwa mwanga unatoka mgongoni mwake, na ndipo rangi inapoonyesha uso wake mgumu. Halafu visogeze kando ya mlango wa mninga.

Kuna hatua moja ambayo nakuomba usiiruke. Chukua vibao viwili vya rangi moja, viegemeze vikutane kama kona ya chumba, kisha chungulia ndani ya kona hiyo. Utaona rangi pale ndani imekolea kuliko kwenye uso wa kibao, kwa sababu kila kimoja kinamrushia mwenzake. Ile rangi ya ndani ya kona iko karibu na rangi ya sebule yako ikishapakwa yote kuliko kitu kingine chochote utakachoweza kukiona kabla ya kupaka. Fanya hivyo kwa krimu, fanya kwa mchanga, mchana na usiku.

Vitazame saa tatu asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku taa zikiwaka na pazia limefungwa. Siku ya mawingu ikija, vitazame tena. Andika neno moja tu kila mara: nzuri, sawa, mbaya. Watu wengi hukosea hapa, wanachagua rangi kwa saa yake nzuri. Karibu kila rangi ina saa yake nzuri. Wewe chagua kwa saa yake mbaya. Uliza: rangi hii ikiwa katika hali yake mbaya kuliko zote, mimi nitakuwa nimekaa humu ndani au sitakuwepo? Na nikiwepo, naweza kuivumilia?

Nikikisia, utakuta hivi. Saa mbaya ya krimu ni jioni jua likiingia, na tena usiku kama taa ni za 6500K. Hizo ndizo saa ambazo watoto wamerudi, wageni wanakuja, chai inaletwa. Saa mbaya ya mchanga ni asubuhi, vioo vikiwa vimefungwa na mwembe umetia kivuli. Unaweza kuonekana umenuna, kijivu chenye uzambarau kwa mbali. Saa hizo nyumba nyingi sebule iko tupu. Lakini kama wewe unashinda nyumbani, labda unashona au unafundisha watoto hapo sebuleni asubuhi, hesabu inageuka, na krimu inaweza kuwa rafiki yako. Vibao vikisema tofauti na nilivyokisia, fuata vibao.

Zile namba za nyuma ya kadi zisikutishe. LRV ni kiasi cha mwanga ambao rangi inaurudisha, kuanzia 0 ya weusi usiorudisha kitu hadi 100 ya weupe unaorudisha wote. Nyeupe safi za dukani mara nyingi huwa juu ya 80. Krimu yako ina 76, mchanga 71. Vibao vikiwa bega kwa bega utaiona tofauti hiyo. Sebule nzima ikiwa ya rangi moja hakuna atakayeingia aseme chumba kina giza. Ingekuwa 76 na 58 ningekwambia fikiri upya, hasa kwa hilo baraza. Korido ndiyo inayonipa wasiwasi kidogo, kwa sababu korido nyingi hazina dirisha. Ukiona mchanga unalemea huko, omba dukani rangi ile ile itiwe nusu ya matone. Inabaki ya ukoo mmoja na sebule lakini nyepesi zaidi, na mtu akitoka chumba kimoja kwenda kingine haoni mkato.

Kuhusu mume wako, yeye hakosei; simu ndiyo inayokosea. Kamera ya simu hujirekebisha yenyewe kila picha ili vitu vyeupe vionekane vyeupe, na rangi mbili zinazotofautiana kwa matone machache huzikusanya ziwe moja. Kioo cha simu yake nacho kina mwanga wake. Ukitaka naye ashiriki, na ni vizuri ashiriki, piga picha moja yenye vibao vyote viwili pamoja na karatasi nyeupe katikati, mchana, bila tochi ya simu. Atakachokiona hapo ni tofauti kati ya rangi hizo, hataiona rangi yenyewe. Kama kuna ndugu anayesafiri kwenda huko, mpe vipande viwili vya kadi nene ulivyovipaka mwenyewe. Bado mwanga wa Muscat si wa Tanga, lakini angalau atashika kitu halisi mkononi.

Neno kuhusu mng'ao, kwa sababu unabadilisha rangi kama vile umebadilisha kopo. Rangi ile ile ikiwa isiyong'aa na ikiwa ya silki, yenye mng'ao laini, si rangi moja machoni. Silki inafutika vizuri, na kwa nyumba yenye watoto najua kwa nini unaitaka. Tatizo ni hilo jua lako la jioni: linaingia kwa mlalo, linapita juu ya uso wa ukuta kwa pembe, na kila mkwaruzo wa msasa na kila kibonde cha skimu, ile plasta laini ya juu, kinatoka nje. Kama skimu yako si nyoofu kama kioo, chukua isiyong'aa inayooshika, zipo siku hizi. Vyovyote utakavyoamua, vibao vipakwe kwa mng'ao ule ule utakaonunua.

Dari mara nyingi husahaulika. Dari nyeupe yenye ubluu ikikaa juu ya krimu inaifanya krimu iwe ya njano zaidi, kwa sababu ile ile ya Chevreul. Juu ya mchanga inaufanya uonekane wa waridi. Omba nyeupe ya dari isiyotiwa bluu, na kipande kidogo cha dari hiyo kipake pembeni ya vibao vyako uone vinavyoelewana.

Mwisho ni hizo ndoo mbili. Sebule ya mita tano na nusu kwa nne na nusu ina mzunguko wa mita 20. Kwa kimo cha mita tatu ni mita za mraba 60. Toa dirisha na milango unabaki na kama 50. Mikono miwili ni mita za mraba 100. Rangi ya maji nzuri, juu ya ukuta laini uliokwisha kupigwa praima, lita moja inafunika mita za mraba kumi hadi kumi na mbili kwa mkono mmoja, kwa hiyo sebule inakula kama lita kumi. Korido ya kawaida haitazidi lita nane. Ndoo moja ya lita 20 inatosha, na uongeze galoni moja ya lita nne kama akiba. Pesa ya ndoo ya pili unayoambiwa ununue itumie kwenye praima nyeupe, maana kijani cha zamani kisipofunikwa kwanza kitatokeza chini ya rangi hafifu, na utaishia kupaka mkono wa tatu na wa nne wa rangi ya bei ghali kufanya kazi ambayo praima ya bei nafuu ingeifanya.

Ndoo na galoni zichanganywe siku moja kwenye mashine moja, na kabla ya kuanza fundi azimimine pamoja kwenye chombo kikubwa azikoroge, kisha azigawe tena. Mashine nayo hukosea kwa tone moja au mawili, na kosa hilo likiangukia katikati ya ukuta utaliona kila jioni. Kama ukiamua korido ya nusu ya matone, basi nunua lita kumi na mbili za sebule na nane za korido, kila moja na kopo lake. Bandua vibandiko vya mchanganyo, vipige picha, kisha vibandike ndani ya mlango wa kabati la mita ya umeme, pamoja na tarehe na aina ya mng'ao.